Kiungo cha Stendi na Koo la Mke Wangu

Jumatatu, 9 Machi

Leo nimeapa! Jana katikati ya mazoezi stendi ya nota ya mke wangu ilivunjika kiungo, karatasi zote zikammwagikia mpiga kinanda. Na Jumamosi hii, kwa mara ya kwanza tangu ajiunge na kwaya, mke wangu anaimba peke yake mbele ya ukumbi mzima. Nimemwambia asihofu. Kiungo kipya nitakichonga mwenyewe, kwa alumini, kwa mashine yangu.

 Akasema mume wa dada yake ana stendi nzima asiyoitumia, labda aazimwe hiyo.

Mwanyumba! Kila siku mwanyumba! Ni fundi wa friji, na humu shajarani namwita Barafu, maana hakuna kinachompandisha joto. Bomba likivuja, aitwe Barafu. Mlango ukilia, aitwe Barafu. Na mimi je, mpangaji? Kweli, kazi yangu ni kuuza miwani. Lakini mashine ya kuchongea vyuma ninayo, ndogo ya kuwekwa mezani, na imekaa chumba cha kufulia mwaka mzima ikingoja siku kama hii.

Nimeanza mara tu nilipotoka kazini. Kukata kavukavu. Ole wangu! Alumini ikapata moto, ikalainika, ikagandamana na meno ya kisu kama gundi. Kisu, tak! Vipande viwili.

Basi nahitaji kitu cha kupoza na kulainisha kisu kinapokata. Fundi wa kuchomelea wa pale kona anasema yeye hutumia mafuta ya taa, na baba yake kabla yake. Ushahidi wa vizazi viwili! Nimejaza chupa ya kupulizia.

Jumanne, 10 Machi

Mafuta ya taa ni miujiza. Alumini inakatika kama sabuni. Nikapuliza, nikapuliza tena, chumba kikajaa ukungu. Nikajiona mtu wa kiwandani.

Mke wangu akarudi, akakohoa tangu mlangoni. Akauliza kama tumeanza kuishi ndani ya taa. Joho lake la kwaya lilikuwa limetundikwa mle ninamochonga. Akalinusa. 

Nikaleta feni ili itoe harufu nje. Nimegundua kwamba feni ikielekezwa vibaya huipeleka harufu chumbani.

Akasema kwa upole, kitu ambacho ni kibaya zaidi, kwamba koo hili ndilo litakaloimba Jumamosi, si mashine. Mafuta ya taa yamepigwa marufuku. Nimekubali kiume. Baadaye nimesoma mgongoni mwa kopo: usivute mvuke wake. Maandishi madogo mno. Mtu angehitaji miwani.

Jumatano, 11 Machi

Usiku nimewaza sana, jibu limekuja: spiriti! Hukauka upesi, harufu haikai, na wauguzi huipaka kwenye kidonda. Kitu kinachofaa kidonda kitashindwaje na alumini?

Nikapaka kwa ukarimu. Nikawasha mashine. Mota yangu ni ya zamani kidogo, hutoa cheche ndogondogo, nzuri kuzitazama.

Fuu!

Moto wa spiriti hauonekani vizuri mchana. Mimi niliujua kwa nyusi. Kisha shati langu la kazini, lililokuwa kwenye kamba, likaanza kujikunja lenyewe. Nikapiga yowe ambalo sitaki kulieleza hapa. Mlango ukafunguka, mtu akatupa taulo bichi juu ya mashine, akalikandamiza, moto ukazimika.

Barafu. Alikuwa sebuleni, amekuja kuleta stendi yake! Yaani afike saa hiyohiyo!

Angenicheka ningemsamehe. Lakini hakucheka. Alinikalisha, akaniangalia macho, akauliza kama nimeumia. Akasema, “Mwanyumba, mvuke wa spiriti na cheche haviwezi kulala chumba kimoja.” Kisha akaeleza kuwa kuna mafuta maalumu ya kukatia, yanayochanganywa na maji yakawa meupe kama maziwa. Hayashiki moto ovyo. Nipake kidogo kwa brashi, nisipulizie hewani, nivae glavu, dirisha liwe wazi, kisu kiende taratibu. Anayo chupa karakanani kwake, ataniletea.

Nikamshukuru. Nikamwambia nina mpango wangu mwingine, na stendi yake arudi nayo.

Sikuwa nao. Lakini sasa ninao!

Alhamisi, 12 Machi

Mpango: mafuta ya kula. Nani atasema yana madhara? Tunayala!

Nikamimina. Nikaongeza kasi ya mashine ili nimalize kabla mke wangu hajarudi. Kasi ikaleta joto, joto likaleta moshi, moshi ukatanda nyumba nzima, mweupe, mzito, wa kuwasha macho. Jirani akachungulia kuuliza tunakaanga nini na kama tunatarajia wageni.

Mke wangu akaingia. Akafungua kinywa kunigombeza.

Haikutoka sauti. Ulitoka mkwaruzo tu, kama kiti kinachoburutwa sakafuni.

 Akajaribu tena. Mkwaruzo. Akashika koo, macho yakamjaa machozi, na hayakuwa ya moshi. Akaonyesha mashine kwa kidole, kisha akaonyesha barazani.

Nimeihamishia barazani peke yangu. Nzito! Sikuomba msaada wa mtu. Nilipomaliza nikamkuta ameketi kitandani na kikombe cha maji ya moto, anapitia nota zake midomo ikicheza bila sauti. Nikakaa karibu naye.  Akaniegemea kidogo. Laiti angenitukana.

Nimepiga moyo konde. Kiungo lazima kiishe. Nikiacha sasa, atakuwa amepoteza sauti bure.

Ijumaa, 13 Machi

Nimekuta chupa ya Barafu mlangoni. Ameiacha bila hata kubisha hodi. Ujanja huo! Anataka nimnyenyekee.

Nami nina ujanja wangu. Mafuta yake nimeyahamishia kwenye chupa tupu ya mafuta ya kula. Yeyote akiniona atadhani naendelea na mpango wangu wa jana, ila nimeurekebisha. Heshima imehifadhiwa.

Nikachanganya na maji, yakawa maziwa kweli. Nikapaka kwa brashi, taratibu, upepo ukipita barazani. Hakuna moshi. Hakuna harufu ya maana. Kisu kikaimba wimbo mmoja mnyoofu, na alumini ikatoka inang'aa kama uso wa mtoto aliyeogeshwa. Kufikia jioni kiungo kiko mkononi mwangu. Kimeingia kwenye stendi bila kulegalega!

Mke wangu ameshinda kimya siku nzima. Jioni akanong'ona. Mnong'ono si sauti, lakini si mkwaruzo. Nalala na matumaini.

Jumamosi, 14 Machi

Asubuhi nilisikia mlio wa kikaango jikoni. Mke wangu anakaanga mayai. Akaniita, na sauti ilikuwapo! Nzito, ya chini, lakini sauti! Kisha akauliza mbona mafuta yanatoa povu.

Nilimwona ameshika chupa. Ile chupa. Niliiacha karibu na jiko.

Niliruka. Sijapata kuruka hivyo tangu shuleni. Nikanyakua kikaango na kukitupa dirishani, mayai na vyote. Nikamuuliza kama ameonja. Hakuonja. Nikamuuliza tena. Nikaketi chini sakafuni.

Barafu akaingia wakati huohuo kutuchukua kwenda ukumbini, kikaango mkononi. Alikiokota uani. Akakinusa, akaitazama chupa, akaelewa yote, akaenda kukiosha tu. Hiyo ndiyo tabia yake inayoniudhi.

Mke wangu akaniuliza kuna nini. Nikasema. Kwamba kiungo kimechongwa kwa mafuta ya mwanyumba. Kwamba niliyaficha kwenye chupa ya chakula ili asijue mtu. Nilitegemea radi. Akasema tu, kwa ile sauti nzito, “Mume wangu, ungetuua kwa aibu ya kusema asante?”

Nikamgeukia Barafu, nikasema asante. Ilitoka kama jino.

Ukumbi ulijaa. Kiongozi wa kwaya aliushusha wimbo uendane na koo lake. Mke wangu akasimama mbele, stendi mbele yake, mimi nikiwa safu ya tatu. Akaanza chini, polepole. Palipopanda, sauti ikapasuka.  Akafumba macho, akavuta pumzi, akarudi pale pale palipopasuka, akapapita. Akaenda hadi mwisho. Sijawahi kumsikia akiimba hivyo, kama mtu anayebeba kitu kizito na hataki kukiweka chini.

Ukumbi mzima ukasimama. Barafu alipiga makofi kuliko wote, hata mimi alinishinda.

Njiani mke wangu akaniambia kiungo ni kizuri, hakikutikisika hata mara moja. Akasema siku nyingine nikitaka kumsaidia, nimuulize kwanza anahitaji nini. Nikamwahidi. Nikamwahidi pia: barazani tu, mafuta ya mwanyumba tu, na kila kitu kwenye chupa yake.

Jumatatu, 16 Machi

Mimi ni mtu mpya. Usalama kwanza!

Nimepita kwa muuza vyuma chakavu. Ana bonge la chuma cha ajabu, kutoka kwenye injini ya zamani, chepesi kuliko hata alumini. Nilikinyanyua kwa vidole viwili! Kinaitwa magnesi. Anasema kinakatika kama siagi, ila chembechembe zake hushika moto, na zikishika nisithubutu kuzimwagia maji, zitazidi kuwaka. Nitafute mtu anayekijua aniongoze kwanza.

Wauza vyuma hupenda kutisha watu. Nimekinunua.

Nitamchongea mke wangu stendi nzima, mpya, ya magnesi! Sijamuuliza, maana ukimuuliza mtu zawadi si zawadi tena. Nimeshaweka ndoo ya maji pembeni, ile kubwa. Sasa hivi mimi sibahatishi.

Barafu sijamwambia. Ya nini? Kazi ikiwaka vizuri ataiona mwenyewe, hata akiwa kwake.