Bibi-arusi wa Bihambwe na Macho ya Kubandika

Jumatatu, tarehe 6 Mei 2013

…na kwa hiyo narudia: si uongo. Kupunguza miaka saba si uongo, ni usafi. Mtu anafagia uwanja kabla wageni hawajafika. Mimi nilifagia umri. Symphorien wangu anajua ameoa mwanamke wa miaka thelathini na saba, na mwanamke wa thelathini na saba havai malineti, miwani mizito kama kitako cha chupa, ili kusoma jina la sabuni. Basi!

Siku ya ishirini na nne ya ndoa. Symphorien! Mabega yake! Harufu yake ya maziwa na moshi! Asubuhi anapogeuza fromaji zake, jibini za maziwa yetu, kwenye mbao, moja moja, kwa mikono miwili, taratibu, mimi naionea wivu fromaji.

Tatizo ni Jumapili. Katika nyumba hii bibi-arusi anapika mwezi mzima jikoni kwa mama mkwe. Siku ya thelathini anakalishwa kwenye kigoda uani, ukoo wote umemzunguka. Ng'ombe wakitokeza kwenye mlima wa ng'ambo, anawaita kwa majina. Kisha anachambua maharagi kwenye ungo, wala jiwe moja lisibaki. Akifaulu, mama mkwe anampa kaa la moto, naye anakwenda kuwasha jiko lake mwenyewe katika nyumba yake mwenyewe. Akishindwa, anabaki kwenye moshi wa mama mkwe hadi mavuno. Na mume anaendelea kula kwa mama yake.

Siku ishirini na nne, sijala na mume wangu peke yetu hata kiazi kimoja! Daima katikati yetu yuko Anastasie, dada yake, anahesabu matonge yangu.

Ng'ombe wako mbali. Vijiwe viko karibu. Mimi mbali sioni, karibu sioni, na katikati ni ukungu. Siku ya ndoa nilimnyooshea kidole cha pete Jérémie, msimamizi wa bwana-arusi. Nilijirekebisha haraka. Hakuna aliyeona.

Lakini leo wokovu umefika! Jules, motari wa Sake, ameleta kwa pikipiki yake kifurushi cha Fifi, mtoto wa dada yangu anayefanya kazi kwenye duka la malineti Goma. Lenzi za kubandika juu ya mboni! Fifi aliniandikia kwamba jicho langu halikuviringa kama mpira, limevutika kama yai, ndiyo maana mistari yote inalala chali. Na juu ya hilo umri umeninyang'anya vitu vya karibu. (Neno umri limepigwa mstari. Mtoto hana adabu.) Lenzi hizi zinatibu yote mawili. Zina duara za mbali na duara za karibu, na chini zina uzito kidogo zisizunguke. Zikizunguka, Mama mudogo, anaandika Fifi, dunia itazunguka nazo: pepesa macho mpaka zitulie. Na kamwe, kamwe usizioshe kwa maji. Dawa yake tu.

Vita imefunga barabara mara tatu mwezi huu. Lenzi zimepita. Mungu anapenda maarusi.

Jumanne, tarehe 7 Mei

Dakika arobaini kubandika lenzi ya kulia. Ya kushoto ilidondoka, nikaitafuta kwa magoti, nikaikuta imeganda kwenye goti.

Halafu nikafungua mlango. Ee! Majani yana ncha! Mlima una miti, si nywele! Nikamwona Symphorien anavuka uwanja na ndoo, na ana kovu dogo juu ya nyusi. Nimeolewa na mwanaume mwenye kovu na sikujua! Nikalia kwa furaha. Lenzi ya kushoto ikazunguka kwa machozi, Symphorien akawa wawili. Hata wawili ningewachukua.

Nikapepesa, nikapepesa. Anastasie akaniuliza kama nimeingiliwa na mududu. Nikamjibu kwamba kwetu Butembo wanawake walioolewa vizuri ndivyo wanavyoangalia.

Jumatano, tarehe 8 Mei

Malineti yangu yamepotea! Yalikuwa ndani ya sanduku, chini ya kitenge cha ndoa, ndani ya soksi. Soksi ipo. Malineti hayapo.

Ni Anastasie. Nani mwingine? Anayaweka atoe siku ya Jumapili mbele ya ukoo, aseme tazameni, kaka yetu ameoa nyanya. Sikubali! Alipokwenda kisimani nilipekua mfuko wake. Nimekuta kitana, rozari na kipande cha fromaji alichoapa jana hajakichukua.

Niliomba ushauri kwa Mama Adelaïde, mama mkwe wangu, kwa mafumbo. Nikamwambia kuna kitu changu kimetembea. Alikuwa ameinamia kitabu cha sala, mgongo kwangu. Alikifunga haraka na kuniambia, bila kugeuka, kwamba kwenye hii nyumba vitu havipotee, vinapumuzika tu. Mwanamke mtulivu sana. Siku hizi anasali kupita kiasi.

Jioni bunduki zimelia upande wa Ngungu. Watu wamepita na magodoro kichwani. Tumewapa fromaji, maana haina barabara ya kwenda Goma na imejaa hadi chini ya kitanda chetu. Symphorien alinishika mkono akasema hata wakija, sisi tutakuwa tumekula. Mume gani huyu!

Dawa ya lenzi imekwisha. Niliimwaga nilipokuwa nikimbusu.

Alhamisi, tarehe 9 Mei, Kupaa kwa Bwana

Fifi alisema kamwe maji. Lakini Fifi ana miaka ishirini na miwili. Nilichemsha maji, nikatia chumvi kidogo, nikakoroga, nikaosha lenzi. Nilisoma sekondari hadi diplomu, nikapata alama nzuri ya kemia.

Kumbe kemia yenyewe nimeisahau. Macho yamewaka! Misa nzima nilitoa machozi. Hubert, katekista wetu, aliniombea hadharani, akataja jina.

Tulipofika nyumbani Mama Adelaïde akamwita Symphorien nyuma ya zizi. Nilisikia yote. Alimwambia hivi: mutoto wa watu ametoka Butembo akiwa anacheka, leo macho yake ni kama pilipili, unamufanyia nini? Symphorien akaapa kwa ng'ombe wote. Mama akamwambia aache kuapa kwa ng'ombe wake. Ikiwa bibi analia namna hii, hatampa kaa la moto, atamweka kwake amlinde!

Amlinde na mume wangu! Yaani nikilia nakosa jiko, nikivaa malineti nakosa jiko, nisipoona nakosa jiko.

Symphorien alikuja na bakuli la maziwa, akapiga magoti, akaomba msamaha kwa jambo ambalo halijui. Nilimsamehe. Ningefanya nini? Alikuwa mzuri mno pale chini.

Ijumaa, tarehe 10 Mei

Nimefumba macho kutwa. Nimesema ni mfungo wa kwetu. Anastasie ameuliza kwa nini mufungo wa kwetu unakula viazi.

Jumamosi, tarehe 11 Mei

Macho yamepoa. Jules amefika na chupa mpya ya dawa niliyomwagiza Fifi, robo tatu tupu!

Alinieleza kwamba kwenye bariyera ya barabarani wenye bunduki walimfungulia mizigo, wakauliza chupa hii ni nini. Hakujua, akawaambia ni maji ya baraka ya katekista. Wakavua kofia. Mmoja baada ya mwingine, wakataka kunyunyiziwa. Mkubwa wao alitaka mara mbili na pia kwenye bunduki. Jules akamnyima ya bunduki. Kisha wakamfungulia kamba bila kumuomba hata sigara.

Basi kuna wanaume saba katika milima hii waliobarikiwa kwa dawa ya macho yangu. Wapate kuona vizuri wanachofanya.

Imebaki ya kutosha mara moja. Kesho. Niko tayari. Nimekariri ng'ombe: Bihogo ni mwekundu mzito, Gaju ni kahawia, Sine ana nyeupe tumboni. Bihogo hutangulia daima. Anastasie amepita akisema anasikia kaa la moto la kesho litakuwa baridi. Tutaona!

Jumapili, tarehe 12 Mei

Siku ya thelathini.

Nilibandika lenzi kabla ya misa, haraka, kwa sababu Anastasie alikuwa mlangoni akiimba makusudi. Sikutazama vizuri vijumba vyake. Ya kulia niliitia kushoto na ya kushoto kulia.

Uani watu kama arobaini. Kigoda. Mimi na kitenge cha ndoa. Dunia yote imeinama kama nyumba baada ya mvua. Nikajiambia, Kavugho, ng'ombe atakayetangulia ni Bihogo, huna haja ya kuona. Symphorien alisimama karibu na zizi, kofia mkononi, midomo inatembea. Alikuwa ananiombea!

Kitu chekundu kizito kikatokeza kwenye njia ya mlima. Kikubwa. Kinatembea polepole. Nikasimama. Nikanyoosha mikono. Nikaita kwa sauti iliyofika Burungu: Bihogo! Bihogo wangu mnene, mwenye mapaja mazuri, shuka nikukamate, njoo nikupeleke nyumbani kwangu!

Kile kitu kikavua kofia.

Alikuwa Papa Hubert, katekista, na koti lake jekundu la sikukuu. Amechelewa.

Anastasie alikaa chini kabisa, kwenye matope, kwa kucheka. Wazee waliangalia miguu yao. Papa Hubert akaja hadi mbele yangu, akauliza kwa heshima kama Mama amemwita. Nikataka kumtambua vizuri. Nikapepesa ili lenzi zitulie. Ile ya kulia haikutulia, nikapepesa hiyo moja tu. Mara nne. Nikimtazama usoni. Mbele ya mke wake.

Mke wake akauliza bibi huyu iko na shida gani na bwana wangu, tangu Alhamisi anaombewa!

Hapo nilijua jiko limekwenda. Nikamwona Symphorien, au Symphorien watatu, wanainamisha kichwa.

Ndipo Mama Adelaïde akasimama. Akasema kwa sauti ndogo kwamba bibi-arusi amepigwa na jua, akanivuta hadi jikoni na kufunga mlango. Nilidhani atanipiga. Alitia mkono ndani ya blauzi, akatoa malineti yangu. Yalikuwa yamepata joto.

Alisema maneno machache. Alisema alikuwa anatafuta sindano kwenye sanduku langu (sindano, kwenye soksi!), akayavaa kuonja tu, na kwa mara ya kwanza tangu miaka sita akaona herufi za kitabu cha sala. Kumbe miaka yote amekuwa akisali kwa kukumbuka. Mwaka jana aligombeza kisiki nusu saa akidhani ni Anastasie, akashangaa kwa nini siku ile hakumujibu. Ng'ombe anawajua kwa kengele. Hajamwambia mtu. Mama wa hii nyumba asiyeona, akauliza, nani atamuachia funguo?

Nikamwambia mimi ni wa arobaini na nne. Ilitoka yenyewe. Akasema alijua, malineti ya namna hii hayavaliwe na watoto.

Kisha akaniambia: toa hizo ngozi za samaki kwenye macho yako, vaa, toka, ita ng'ombe.

Nikatoka nimevaa. Kitako cha chupa, mbele ya ukoo wote! Kidevu juu! Anayetaka kucheka acheke! Nikaita Bihogo, na alikuwa Bihogo. Nikaita Gaju. Nikaita Sine, nikasema pia ana kupe kwenye sikio, na walipomshika walimkuta huyo kupe. Nikakaa na ungo. Vijiwe kumi na saba. Cha kumi na nane kilikuwa kimejificha mfano wa harage, Anastasie ndiye aliyekitia, niliona mkono wake. Nikakiweka kwenye kiganja chake, taratibu.

Mama Adelaïde akanipa kaa la moto kwenye kigae.

Nilivuka uwanja nalo. Symphorien alikuwa mlangoni kwetu. Nilimwambia sasa umeona. Akasema ameona tangu kanisani, siku nilipotaka kumpa Jérémie kidole. Alisema siku ile aliogopa kwamba nampenda Jérémie, halafu akagundua sioni tu, akamshukuru Mungu. Na kwamba ninafanana na mkuu wa shule, na yeye shuleni daima alimpenda mkuu wa shule.

Tumekula peke yetu. Viazi na fromaji. Moshi ni wetu!

Jumatatu, tarehe 13 Mei

Mambo ni mazuri sana. Jambo moja tu si zuri.

Malineti ni moja na wanawake ni wawili. Mama anayachukua asubuhi kwa ajili ya sala, na sala zake zimeongezeka. Mimi nayapata mchana. Leo asubuhi nilitia chumvi kwenye chai ya Symphorien. Amekunywa yote. Mume gani huyu!

Kisha Anastasie akasema mbele ya jirani kwamba malineti yananipendeza, yananifanya nionekane mwenye heshima. Mwenye heshima! Mimi, bibi-arusi wa mwezi mmoja! Sikubali!

Nimewaza. Kosa halikuwa lenzi. Kosa lilikuwa kulia na kushoto, na chumvi. Safari hii nitapaka alama ya rangi ya kucha kwenye kijumba. Na Fifi anasema zipo zenye rangi ya asali, kama ile asali ya Walikale.

Nilimnong'onezea Mama Adelaïde. Akauliza kama hiyo rangi ya asali iko pia kwa miaka sabini na moja. Amesema Anastasie asijue. Symphorien tumemwambia tunakwenda Goma kuuza fromaji, naye amefurahi sana, ametupatia ishirini na sita.

Nimemtuma Jules na barua. Fifi mpenzi, andaa viti viwili na kioo kikubwa. Barabara ikifunguka tutakuja kwa moto, pikipiki ya Jules, isipofunguka tutakuja kwa miguu na maji ya baraka. Usimwambie mtu umri wetu, tutakuambia tukifika tumechagua upi. Kabla mwezi haujaisha, mimi na mama mkwe wangu tuko mlangoni kwako.