Kuhusu Mume Wangu Kuwarudisha Samaki wa Ulaya Majini

Ngamiani, Tanga

Kwa Ami yangu mpendwa Yazid,
Mwera, Pangani.

Assalaam alaykum, na shikamoo. Huku sote wazima, ila mimi nimekasirika. Nakuandikia rasmi kwa kuwa baba hayupo na wewe ndiye uliyeniozesha kwa Nabhan, hivyo lawama, kwa heshima zote, zinaanzia kwako. Naomba umnyang'anye pasipoti. Sababu zangu ni hizi:

1. Mume wangu, muuza magodoro anayejulikana mtaa mzima, amepata maradhi ya kwenda nchi za watu kuvua na kuwinda. Bahari iko hapa, mtu anafika kwa baiskeli, lakini samaki wake yeye lazima apandiwe ndege. Nilimuuliza samaki wa Tanga wana kosa gani. Akasema hawana mchezo. Ami, tangu lini kitoweo kikatakiwa kiwe na mchezo?

2. Alipokuwa Norwei alinipigia simu kwamba amevua samaki mkubwa kama mtoto wa darasa la tatu. Nami kwa furaha nikatangaza. Unajua kwetu, mvuvi akirudi jirani hakosi chake. Mwamvua wa nyumba ya pili akaja na bakuli, wengine wakafuata na yao, nazi zikakunwa, tui likachujwa. Nabhan akashuka kwenye teksi na picha. Samaki kamrudisha mtoni! Tena alimbusu kwanza, picha ninayo. Mimi siku hiyo hakunibusu, eti ana mafua.

3. Kuficha aibu nilituma mtu sokoni kwa mlango wa uani, nikapika samaki changu, nikagawa kama samaki wa Ulaya. Mwamvua ni binti wa mvuvi. Alimtazama yule changu usoni, akasema mbele ya wote, "Shoga, huyu mbona tumekua naye?" Tangu hapo nikienda dukani naulizwa kama Norwei iko hapo mtaa wa Nguvumali au mbele kidogo.

4. Hangaria ndiyo ilinimaliza. Huko alikwenda kuwinda. Akajificha msituni na baridi yote ile, akalenga, akapata, wenyeji wakampigia tarumbeta. Alipomkimbilia mnyama amchinje, kisu mkononi na bismillahi mdomoni, kumbe ni nguruwe. Alirudi kinyumenyume mpaka kwenye gari. Picha ameitundika sebuleni, yeye kasimama mbali kabisa. Waliokuja kusoma khitima waliniuliza ni mnyama gani, nikawajibu ni kifaru mdogo. Mungu anisamehe.

5. Majirani wanasema mwanamume haendi mbali hivyo kwa samaki asiyemla, lazima kuna mke mdogo. Hilo siliamini. Lakini akiondoka nyumba inakuwa kubwa mno, na chakula cha peke yangu hakipiti kooni. Akirudi ananisimulia macho ya samaki mpaka nasinzia. Macho yangu hajayataja tangu fungate. Ami, mimi nawaonea wivu samaki.

Kwa hiyo, ama pasipoti ikae kwenye sanduku lako, ufunguo uufiche, ama Nabhan avue hapa hapa kama wanaume wenzake na alete nyumbani alichovua, kikiwa kimekufa.

Nisalimie shangazi Harusi, watoto, na wote wa Mwera, hata yule binamu tusiyesemezana.

Ni mimi mwanao, mtiifu na mwenye hasira,
Nihal

Nyongeza: Ami, nimeifungua tena bahasha. Nabhan ameingia sasa hivi na tiketi za Aislandi, yake na yangu. Anasema amechoka kunisimulia, anataka nione mwenyewe. Kwa hiyo pasipoti yake usiiguse kabisa, na ukisikia mtu anasema vibaya juu ya safari zake, mkanye. Nasikia baridi ya huko inaishinda ya Lushoto, naomba uniazime koti lako zito. Jioni hii amenifundisha kurusha ndoano uani. Nimenasa shuka la Mwamvua lililokuwa kambani. Kubwa, ami, na lilinipa mchezo kwelikweli! Nabhan akanipiga picha nalo, kisha nikalirudisha.