Mbuzi Wangu Mkononi mwa Jacques

Jumatatu, 1 Agosti 1955. Baraka.
Kuanzia Ubwari mpaka Fizi hakuna mwanaume anayenipita mimi, Bahati, kwa akili. Mwalimu mwenyewe alijua. Nilipofika mwaka wa nne alinifukuza, maana maswali yangu yalimtoa jasho. Na mtu kama huyu ndiye mke anamkimbia! Pulchérie yuko kwa mjomba wake tangu mvua zikatike. Ati namfuata kila mahali, ati namchunga kama mbuzi. Wazee walitukalisha, tukapatana: yeye achukue mashini ya kushona tuliyonunua pamoja, mimi nibaki na nyumba na nirudishiwe mbuzi wa mahari. Nikakubali haraka, ajue kwamba sijali.

Sijali kabisa. Leo nimepita sokoni, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Mashini yetu iko kwenye baraza ya Jacques fundi! Pulchérie anakanyaga, Jacques anamshikia kitambaa. Na huyo fundi amevaa viatu. Siku ya kazi, viatu!

Jumanne.
Dawa imepatikana. Nimetuma barua ya mashtaka tribinali ya Fizi, mapatano yavunjwe, mashini irudi kwangu. Bila mashini atafanya nini kwenye baraza ya mtu? Atachoka, atarudi. Mimi najua kushona? Hapana. Kuku wataatamia juu yake.

Mama anasema mimi ni mjinga mwenye kalamu. Anasema ndoa bado iko hai, kwa sababu mbuzi bado hajarudi. Lakini kwetu mume akipokea kamba ya mbuzi mbele ya wazee, imekwisha, hata ukilia mpaka ziwa lijae. Usiguse kamba, mwanangu. Nimecheka. Nani hajui hilo? Mi niguse kamba! Mikono yangu ina elimu.

Alhamisi. Fizi.
Kamion ya mihogo imeniachia vumbi tu, nimepanda mlima kwa miguu. Jacques akanipita juu ya kinga, baiskeli yake, kengele ngri-ngri. Pole na safari, kaka, anasema. Kaka! Nani kaka yake? Kumbe ameitwa kuwa shahidi.

Karani aliyaingiza mashtaka yangu daftarini. Akauliza kama ninajua kushona. Nikamjibu kwamba nia ninayo. Bamama waliokuwa wanangoja kesi zao walicheka mpaka mmoja akaangusha mtoto. Mtoto hakuumia. Mimi ndiye niliyeumia.

Ijumaa. Bado Fizi.
Siku mbaya. Naandika taratibu.

Juji aliuliza nina ushahidi gani kwamba Jacques anamtaka mke wangu. Nikasema: viatu. Juji akatazama dari. Jacques akaeleza kwamba mashini iko kwake kwa sababu kwa mjomba wa Pulchérie wanakausha samaki, moshi unaharibu vitambaa. Na mke wake yeye Jacques, Constance, anakaa baraza hiyohiyo kila siku na mtoto mgongoni. Kweli? Sikuwahi kumuona. Sikuwa naangalia upande huo.

Ndipo Pulchérie akasimama. Akasema hagombanii chuma. Bahati akiacha kumfuata mpaka mtoni, mapatano yafutwe yote, yeye yuko tayari. Akageuka kwangu. Bahati, twende nyumbani, na mashini tubebe leoleo.

Moyo uliruka kama ndakala wavuni! Nikafungua mdomo. Juji akainama anisikie.

Hapo nikaona mlangoni. Mjomba wa Pulchérie alikuwa amemleta mbuzi wa mahari, anirudishie kama kesi ingeshindikana. Miguu ya mzee ilichoka, akampa mtu amshikie kamba. Akampa nani? Jacques! Anamkuna shingo. Na mbuzi, msaliti, amefumba macho kwa raha.

Niliruka benchi. Hata mbuzi wangu, we? Nikamnyang'anya kamba.

Karani akachovya kalamu, akaandika. Juji akasema: amepokea. Nikasema bado, bwana juji, mi nilikuwa namnyang'anya tu! Akasema, kijana, umepokea kwa mikono miwili, na mbio juu yake. Mapatano yanabaki kama yalivyokuwa. Kesi nyingine.

Pulchérie alicheka kidogo, kisha akajifuta macho na kikwembe. Aliondoka bila kuniaga.

Jumapili, 7 Agosti. Baraka.
Tumefika, mimi na mbuzi. Kwangu mbuzi hataki kula vizuri. Asubuhi nimemkuta kwa jirani Fabien, anakula maganda ya mihogo mkononi mwake. Mkononi! Na huyo Fabien amenunua kofia mpya. Kofia ya nini, kama si kwa ajili ya mbuzi wangu? Nimejificha nyuma ya migomba mpaka saa sita kuwachunguza. Kesho napanda Fizi, nitamshtaki.

Mama ameuliza safari hii nitamwambia juji nini. Nimemwambia mambo ya tribinali si ya bamama. Lakini yeye hajui kusoma, basi hapa naweza kuandika. Pulchérie aliposema twende nyumbani, alikuwa ananiangalia mimi. Mi nilikuwa naangalia mkono wa Jacques.