Umeme wa Muzee Léopold

Jumatatu, 10 Juni 2024
Umeme wa jua umefika avenue yetu, hapa Kadutu. Panneaux za kunasa jua ziko juu ya paa la centre de santé, kituo chetu cha afya, nyaya zinashuka hadi nyumba kumi na nne. Kila nyumba ina compteur yake ya kupimia umeme, na namba zote zinaingia kwenye jedwali moja tunaloliona sote kwenye simu: nani ametumia kiasi gani, saa ngapi. Kwa namba hizo Maman Euphrasie, muuguzi, anagawa umeme wa kesho. Nyumba yenye watu wengi inapata zaidi. Kinachobaki ni cha frigo ya chanjo pale centre.

Mimi naishi peke yangu. Nimepewa umeme wa kuku. Na nataka kuuza barafu.

Njia imepatikana. Nyumba ya jirani yangu Muzee Léopold imefungwa tangu tulipomzika, na ufunguo ninao. Nimeandikisha kwamba jamaa zake wamehamia kutoka Walungu. Watu sita. Euphrasie aliuliza mbona hawaonekani. Nikasema wana haya.

Jumatano, 12 Juni
Nimepitisha waya chini ya ua, kutoka nyumba ya Muzee hadi kwangu. Congélateur yangu ya kugandisha barafu inanguruma tangu asubuhi. Raha.

Euphrasie amenisimamisha bombani. Anasema jamaa wa Walungu wana utaratibu mzuri: kila siku saa nne kamili namba yao inaruka juu, dakika kumi, kisha inashuka. Akasema hiyo ndiyo ilikuwa saa ya chai ya marehemu.

Congélateur hairuki. Inakula polepole mchana kutwa.

Ijumaa, 14 Juni
Nimechomoa waya wangu ili nijaribu. Saa nne, namba ikapanda. Nikaenda kwa Muzee, nikafungua. Vumbi sakafuni, na nyayo ni zangu tu. Mezani bouilloire ya Muzee, birika lake la umeme, ilikuwa inatoa mvuke. Waya wake ulikuwa umekunjwa juu ya kiti, haukuchomekwa popote.

Nikarudisha waya wangu, maana barafu ina wateja. Nikatoka bila kugeuka.

Mchana frigo ya chanjo ilizima. Watu sita wa Walungu wamekula sehemu yake. Chantal alikaa kwenye benchi na kichanga chake, akarudi nyumbani bila sindano. Euphrasie alikuja kwangu kuomba barafu, apeleke chanjo kwa pikipiki hadi centre nyingine kabla hazijaharibika. Nikampa ndoo nzima. Alinishukuru sana. Nikajiona mtu mwema.

Jumapili, 16 Juni
Baada ya misa, Euphrasie, Chantal na Papa Grégoire, chef anayesimamia avenue, walikuja kuwasalimia wageni. Nikafungua.

Waliona waya wangu. Wakaufuata kwa macho hadi uani kwangu. Chantal, mtoto mgongoni, hakupaza sauti. Alisema tu: “Mutoto yangu alikosa sindano juu ya barafu yako.” Nilitamani kuingia chini ya meza.

Grégoire akakata waya wa nyumba ile pale pale kwenye compteur. Wakaniondoa kwenye ugawaji kwa mwezi mzima. Sikubisha.

Ndipo Euphrasie akatazama simu yake, akasema polepole kwamba ni saa nne, na namba inapanda. Grégoire alikuwa bado ameshika ncha ya waya. Nyuma yetu maji yakaanza kuchemka.

Hakuna aliyekimbia. Tulitoka mmoja mmoja.

Jumanne, 18 Juni
Frigo inafanya kazi. Mtoto wa Chantal amepata sindano. Nimeomba msamaha nyumba zote za majirani, nyingine mara mbili. Siku mbili nimekaa nikifikiria kosa langu.

Nimelielewa. Niliiba umeme wa frigo. Umeme wa Muzee, kumbe, hautoki kwenye panneaux, hauna waya, haupunguzi sehemu ya mtu. Na yeye anatumia dakika kumi tu. Siku nzima inayobaki inapotea bure.

Sasa ni saa nne kasoro robo. Nimenunua sukari ya chai yake, nimebeba rallonge, waya mrefu wa kuunganishia congélateur. Nitabisha hodi kwanza, kwa heshima.