Wafugaji Niliowaumba kwa Kuuliza

Jumatatu, 9 Juni 2025
Kiirua baridi. Ukungu umeingia ofisini, umekaa. Ijumaa Mzee Kithaka, mwenyekiti wa ushirika wetu wa maziwa, atateua msimamizi wa kompyuta. Ni mimi au Felicitas, karani anayesajili wafugaji. Nikikosa, narudi kuosha mikebe.

Nina mpango. Nitaonyesha kwamba Felicitas amesahau kusajili baadhi yao. Programu yetu, iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Perl, haizimwi, lakini ina mahali pa kuichungulia ikiendelea na kazi. Kuchungulia si dhambi.

Jumanne, 10 Juni
Nimechungulia. Raha iliyoje! Niliuliza mfugaji Kajuju ana ng'ombe wangapi. Hakuna jibu. Igoki? Hakuna. Usingizi mtamu ukaninyemelea, nikawa nauliza jina lolote linalonijia: marehemu nyanya yangu Rwamba, mwalimu wangu wa darasa la tatu, yule msichana wa Timau aliyenitabasamia mwaka 2019. Wote hawana ng'ombe.

Nikachapisha orodha nzima kwa Dumper, amri ya kutoa kila kilichomo. Ajabu, wote wamo! Felicitas amesajili watu wasio na ng'ombe, hata marehemu. Mwizi huyu.

Jumatano, 11 Juni
Nimemshtaki kwa Mzee Kithaka. Akaniuliza Felicitas alimjuaje nyanya yangu. Nikasema wajanja wana njia zao. Mchana kutwa nimejiona kwenye kiti cha kuzunguka.

Alhamisi, 12 Juni
Balaa. Muriuki, dereva wa lori, alipewa orodha ile akusanyie maziwa. Amezunguka Kiirua hadi saa nane mchana akimtafuta Rwamba. Maziwa ya watu yameharibika.

Felicitas hakupaza sauti. Alinivutia kiti, akasema: "Nthiga, ukiuliza ng'ombe ya mtu ambaye hayuko kwenye orodha, Perl inamtengeneza huyo mtu kwanza, ndio itafute ng'ombe ndani yake. Uliza kwanza kama mtu yuko." Muriuki alicheka. Niliona aibu sana. Lakini pia nilifikiri: nyanya alirudi kwa siku mbili, kwa kuulizwa tu.

Ijumaa, 13 Juni
Ameteuliwa Felicitas. Mimi mikebe. Maji ni ya barafu na roho inaniuma.

Saa ya chai aliacha kompyuta wazi. Sikuharibu kitu. Niliuliza tu, kwa adabu, kama msimamizi anayeitwa Nthiga ana ofisi ya kuona mlima. Hana. Lakini jina lake sasa limo kwenye orodha ya wasimamizi, nimelichapisha, na Jumatatu nampelekea Mzee ushahidi kwamba niliteuliwa mimi.