Mifugo Isiyohesabika

Leo nimeaibika, ndugu zangu. Nawaandikia mapema ili mlisikie jambo hili kwangu kabla halijafika huko likiwa limetiwa chumvi. Someni barua hii kwa zamu.

Mnajua nilivyofika huku. Nilitoka Vihiga nikaenda Magadi, Magadi nikaenda Thika, Thika nikaenda Naivasha, kisha lori la viazi nililopanda likaharibika Chepseon. (Wengine huitwa na Mungu. Mimi niliitwa na gia boksi.) Nikapata kazi ya karani wa mizani kwenye kituo cha kununua majani ya chai. Miaka miwili sijahama! Sababu ni Chebet, mjane anayeuza mboga sokoni. Nilitaka kumuoa.

Wiki jana baba yake aliniita.

"Kijana," akasema (nina miaka arobaini na mitatu), "wewe unafuganga?"

Sasa, siku chache kabla ya hapo nilikuwa nimefungiwa sukari kwa kipande cha gazeti. Kilieleza habari za mzungu anayefuga chungu, wale wadudu, ndani ya chupa. Nikapenda. Gazeti lilikuwa limechanika pale penye kusema ni chungu wa aina gani, basi nikachimbua niliowaona kando ya shamba la chai. Siafu. (Ndiyo. Siafu.) Nikawatia kwenye chupa kubwa ya peremende, mdomo nikaupaka mafuta ya kupikia yaliyoganda ili wasipande.

"Nafuga, mzee," nikajibu kwa fahari.

"Wengi?"

"Wengi hata siwezi kuhesabu."

Uso wake ukang'aa. Kwa Wakipsigis, mtu mwenye heshima hahesabu ng'ombe wake. Mimi sikujua. "Huyu ako na adabu," akamwambia Chebet. "Nitakuja kuwaona."

Nikajiambia, kumbe mzee anapenda wadudu!

Leo asubuhi akaja na Chebet na shangazi yake Chebet. Kulikuwa na baridi kali, kwa hiyo niliisogeza chupa karibu na jiko, mifugo ipate joto. (Hapo ndipo mafuta yalipoyeyuka.) Mzee akaketi kando yake. Akanywa chai polepole, akingoja nimpeleke nje. Mimi nikangoja aitazame chupa.

Ghafla akasimama. Akajipiga paja. "Uui!" Akajipiga la pili.

"Ni nini?" shangazi akauliza.

Mzee alikuwa anafungua mshipi. Suruali ikaanguka chini, mbele ya dada yake, binti yake na mtu aliyetaka kuwa mkwe wake! Nami, badala ya kufumba macho, nikapiga kelele: "Mzee, usimkanyage yule mkubwa! Ndiye mama yao!"

Mzee akanigeukia, suruali bado iko chini.

"Hii wadudu ni ya nani?"

"Ni yangu, mzee."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe gani?"

Shangazi ndiye aliyeelewa kwanza. "Wengi hata hawahesabiki!" akasema, akacheka mpaka akashika ukuta. Chebet hakucheka. Aliikung'uta suruali nje, akampa baba yake huku ameangalia pembeni.

Kufika mchana, kituo kizima kilikuwa na habari. "Karani, umekamua leo?" Mama mmoja akaweka kikapu kwenye mizani na kulia kama ndama.

Nikamfuata Chebet sokoni. "Tulikosa kuelewana kwa neno tu," nikamwambia.

Akaendelea kufunga sukuma wiki. "Si neno. Baba alitaka kujua kama utakaa. Mwenye ng'ombe haamki tu akaenda. Wewe ukatafuta mifugo ya kubeba kwa mkono."

Saa tisa nilikuwa nimefunga mizigo.

Nawaandikia nikiwa stendi ya Kericho, nimekalia sanduku, nangoja basi la Kisumu. Chepseon sirudi tena. Tafadhali msicheke. Na kama lazima mcheke, ngojeni kwanza nivue soksi hii, maana kuna mmoja aliyekataa kuachana nami.