CD Ikitoka, Ordinateur Inakufa

Jumatatu, 4 Novemba 2002

Imekufa tena! Nimebonyeza kifungo CD itoke, ikatoka, na ordinateur, kompyuta yetu, ikakata roho palepale. Skrini yote bluu, maandishi meupe ya Kiingereza, hakuna kinachosogea.

Ndiyo ordinateur pekee ya ofisi yetu ya parokia hapa Bukavu. Toka vita vikate nchi vipande, barua haipiti kwenda Kinshasa, simu haipiti. Basi watu wanakuja kwetu, wanasema salamu zao kwenye mikro, mimi naziandika kwenye CD, na Sœur Eulalie, mtawa wetu, anaibeba kwa ndege kupitia Nairobi. Kinshasa wanasikiliza, wanafuta, wanaandika majibu juu yake, inarudi. Mimi Ignace ndiye mukubwa wa CD. Nilijiteua mwenyewe.

Papa Grégoire, anayeongoza ofisi, akauliza kuna nini. Nikamwambia ni virusi, imetoka Kinshasa. Akaamini mara moja. Siku hizi hapa kwetu kibaya chote kinatoka Kinshasa. Nimeapa mashine itapona kabla ya Jumamosi, siku Sœur anasafiri. Jean-Marie, sekretari wetu, akatabasamu huku anachapa. Sipendi tabasamu ile hata kidogo.

Jumanne, 5 Novemba

Nimepata! Ni unyevu wa mvua hizi. Na unyevu dawa yake ni pombe kali. Nikatafuta kanyanga, nikaonja kwanza nijue kama iko na nguvu. Iko na nguvu. Nikapangusa CD, nikapangusa tiroir yake, kile kisahani kinachoibeba, nikaonja tena kwa uhakika. Nikabonyeza. Bluu!

Papa Grégoire akaingia, akanusa hewa, akaninusa mimi, akauliza kama virusi ile inaambukiza na watu.

Jean-Marie naye, kwa sauti yake ya kusoma misa, akanishauri nisiguse kifungo. Eti mashine inakuwa bado inaandika. Eti ningoje taa ndogo ya kijani izimike, kisha niiombe kwenye skrini, na CD itatoka yenyewe. Ningoje! Mutu huyu amekulia wapi? Bukavu courant ya umeme haiagi. Hapa shati unapiga pasi upande wa mbele kwanza, mgongo Mungu akipenda. Ukiwa na kitu ndani ya mashine, unanyakua! Ukingoja taa moja izimike, zitazimika zote, mtaa muzima.

Jumatano, 6 Novemba

Siku mbaya. Maman Cibalonza amekuja kwa miguu toka Kasha, viatu vizuri ndani ya mfuko visichafuke, akapita mbele ya basoldat wa barrière ya barabarani akiwasalimia kama wajukuu. Mutoto wake Honoré alienda Kinshasa kusoma kabla ya vita, akabaki kule. Sasa anaoa mwisho wa mwezi. Lakini kwetu mutoto haoi bila mzazi kumbariki kwa kinywa, na Honoré amekataa kuingia kanisani kabla hajasikia sauti ya mama yake. Ndoa imeahirishwa mara mbili. Familia ya binti imechoka, hakuna mara ya tatu.

Maman akasimama mbele ya mikro. Akamtaja Honoré kwa jina lake la utoto, akamtaja baba yake marehemu, akabariki tumbo la bibi arusi asiyemjua. Mwishoni akatema mate kidogo ya baraka, pfu, yote ndani ya mikro. Hata Jean-Marie alipangusa miwani.

Halafu balbu ikapepesa. Kidole changu kikaruka chenyewe. Bluu! Tulipowasha tena, CD tupu.

Nikamwambia maman ilikuwa repetisheni tu, mazoezi kama ya kwaya. Aï! Akainuka. Akasema baraka si kwaya, iliyotoka imetoka, na kama mimi nimeiangusha, niinamishe mgongo niitafute. Atarudi Ijumaa. Mutoto wake akikosa bibi, nitamjibu yeye. Niliona haya, haya ya kweli, mpaka masikio yakawaka.

Alhamisi, 7 Novemba

Akili nyingi leo! Kama mashine inakufa CD ikitoka, basi niitoe ikiwa imeshakufa! Nikaimba kidogo kwenye mikro kwa majaribio. Nikachomoa waya wa courant. Nikanyoosha kibanio cha karatasi, nikakisukuma ndani ya kitundu kile kidogo, nikavuta tiroir. CD hiyo mkononi, na hakuna bluu popote! Nilicheza ndombolo peke yangu.

Nikawasha, nikairudisha ndani. Tupu. Jean-Marie akasema kwa upande wa wimbo wangu hakuna aliyepata hasara. Sikati tamaa. Kesho ni kesho.

Ijumaa, 8 Novemba

Maman Cibalonza amebariki upya, na mate upya. Safari hii nilifunika mikro na mfuko wa plastiki. Jean-Marie akakalia kiti changu bila kuomba. CD ikaanza kuandikwa, na balbu, bila aibu, ikaanza kupepesa. Kidole changu kikainuka.

Maman akanikamata mikono yote miwili, akaibana kwenye magoti yake kama mutoto anayechomwa sindano. Nikamlilia kwamba courant inaenda. Akasema iende, itatukuta hapahapa. Taa ya kijani inawaka tu. Balbu chini, balbu juu. Jasho mpaka ndani ya soksi. Mungu wangu, ilikuwa ndefu!

Taa ikazimika. Jean-Marie akaomba kwenye skrini. Tiroir ikatoka polepole, kwa adabu, na ordinateur ikabaki hai. Tukairudisha, tukasikiliza: sauti yote ya maman, mpaka pfu ya mwisho. Akacheka, akalia, ndipo akaniachia mikono. Mimi pia nililia, sifichi.

Jumamosi, 9 Novemba

CD imepanda ndege na Sœur Eulalie. Honoré ataoa!

Papa Grégoire alikuwa amechungulia dirishani jana, akaniona nimekaa kimya, mikono imetulia. Leo amesifu uvumilivu wangu mbele ya wote. Jean-Marie hakupinga, aliendelea kuchapa. Parokia ya Bagira nao CD zao zinaua mashine, na Papa amenichagua mimi niende Jumatatu kuwafundisha.

Nimefikiri sana juu ya ugonjwa huu wote, na mwishowe kosa langu nimeliona: nilikuwa nachelewa kubonyeza. Somo la kwanza liko tayari. Kidole kikae juu ya kifungo toka mwanzo.